Sanduku la Fundi: Mark II ya baba na kona za Tokyo

*Shikamoo Fundi. Mimi ni kijana wa miaka 19, nimemaliza kidato cha sita, naishi Nkuhungu. Wiki iliyopita tuliangalia Tokyo Drift kwa mshikaji wangu. Baba ana Mark II GX110. Washikaji wanasema hiyo ni gari ya kusukuma nyuma, yaani injini inazungusha tairi za nyuma, kwa hiyo inaweza kuserereka kwenye kona kama zile za kwenye filamu. Ni kweli? Na ile ya kupanda jengo la maegesho gari ikienda ubavu, ni kweli au ni kompyuta?*
*Msomaji wa Nkuhungu*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa kwenye benchi la gereji yangu hapa Kizota, Dodoma, na chai imepoa mkononi. Umegusa jambo lenye historia kwangu. Nitakujibu kwa urefu, na wenye barua nyingine wanivumilie.

Kwa ambao hawajaiona: filamu hiyo ilitoka mwaka 2006, ni ya tatu katika mfululizo wa Fast and the Furious ulioanza 2001, na mwongozaji wake ni Justin Lin. Kuna kijana wa Kimarekani, Sean, ameigizwa na Lucas Black. Kwao ameshiriki mbio mpaka akapita na gari katikati ya nyumba inayojengwa. Mama yake kachoka, kamsafirisha kwa baba yake, mwanajeshi wa majini anayeishi Tokyo. Huko anakuta mbio za siri za usiku, lakini si mbio alizozizoea. Yeye anajua kukanyaga mafuta na kunyoosha. Wenyeji wanashindana kwa kona. Usiku wake wa kwanza anaazimwa Nissan Silvia S15 na jamaa mmoja mtulivu anayeitwa Han, anashindanishwa na DK, mfalme wa kudrifti, yaani kuserereesha gari ubavu kwenye kona, mwenye Nissan 350Z, wapande ghorofa za maegesho mpaka juu. Sean anaigonga Silvia ukutani kona ya kwanza, kona ya pili, kona ya tatu. Inafika juu ikiwa chuma chakavu.

Mimi niliiona mara ya kwanza 2007 kwenye banda umiza moja pale Majengo. Kiingilio shilingi mia mbili, mabenchi ya mbao, televisheni ya kichogo imewekwa juu ya kabati. Vijana walilipuka kwa kelele pale mwishoni, mbio za kushuka mlima. Mimi kilichonikamata ni ile Silvia. Filamu nyingi nilizokuwa nimeziona, shujaa akikaa kwenye usukani anajua tayari. Huyu hajui. Anapigwa na kuta. Kisha analipa: gari la watu ameliua, kwa hiyo anakuwa mtu wa kutumwa na Han, aende huku, akusanye fedha kule, na katikati ya kutumwa ndipo anafundishwa. Anafundishwa bandarini, mahali peupe, anazunguka, anakosea, anazunguka tena. Kwa fundi aliyelea vijana wa gereji, hiyo ndiyo filamu yenyewe. Mengine ni taa na muziki.

Na pale bandarini kuna kitu wengi hukipita. Wapo wavuvi wamekaa wanamwangalia Sean anavyokosea na kutoa maoni yao. Mmoja wa wale wavuvi ni Keiichi Tsuchiya mwenyewe. Huyo ndiye mfalme wa kudrifti wa kweli. Alizaliwa 1956, akajifunza kwenye barabara za milimani za Japani, akajulikana sana kwa Toyota ndogo ya AE86, akawa dereva wa mbio mwenye leseni na baadaye mmoja wa waanzilishi wa mashindano rasmi ya drifti, D1 Grand Prix. Yeye naye aliiga kwa dereva wa kabla yake, Kunimitsu Takahashi, ambaye miaka ya 1970 aliingia kona za uwanja wa mbio ubavuubavu na watazamaji wakapagawa. Kwa hiyo mwanangu, drifti haikuzaliwa sinema. Ni ufundi wenye walimu na wanafunzi.

Sasa, kweli au kompyuta? Vyote viwili. Ghorofa za maegesho unazoziona si za Tokyo. Ni jengo la maduka lililoachwa tupu huko Hawthorne, jirani na Los Angeles, na kule ndani madereva wa michezo ya hatari waliyaserereesha magari kweli. Ile sehemu ya Shibuya, kwenye kivuko chenye bahari ya watu, watu wanagawanyika katikati na magari yanapita ubavu, hiyo imeshonwa kwa kompyuta. Hakuna serikali inayoweza kukuruhusu kufanya vile kwenye watu. Hata ile Mitsubishi Evo nyekundu anayojifunzia Sean si kama inavyotoka kiwandani. Evo husukuma miguu yote minne. Kwa ajili ya filamu walikata msukumo wa mbele, ibaki ya nyuma tu. Magari ya filamu ile yalijengwa kwa ajili ya kazi ile, na yakiharibika kuna jingine limesubiri.

Turudi kwenye GX110 ya mzee.

Ndiyo, inasukuma nyuma. Washikaji wako hawajakosea hapo. Na ni kweli kwamba ndugu yake, JZX110 yenye injini ya 1JZ ya turbo, Wajapani wanaidrifti mpaka leo. Ila GX110 ina 1G-FE, silinda sita, lita mbili, haina turbo, nguvu ya farasi 160 ilipokuwa mpya, na sidhani kama ya baba yako ni mpya. Injini tamu sana, tulivu, mimi naipenda. Lakini lililo kubwa zaidi liko kwenye difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma. Gari la kudrifti linafungwa difu ya kubana, ili tairi mbili za nyuma zisage pamoja. Difu ya kawaida kama ya baba yako inafanya kinyume: ukiingia kona kwa nguvu, mguu wa ndani unakuwa mwepesi, na difu inapeleka nguvu zote kwenye huo mguu mwepesi. Tairi moja inalia na kutoa moshi, ya pili imetulia. Gari haliendi ubavu kwa amri yako. Linateleza kidogo, linashika ghafla, na likishika linakurusha upande ambao hukuupanga. Hapo ndipo ajali nyingi za kona zinapozaliwa.

Ngoja nikueleze drifti ni nini hasa. Chukua pikapu, weka nyuma ndoo ya maji isiyo na mfuniko. Ukikanyaga breki, maji yanakimbilia mbele. Ukiondoka kwa nguvu, yanarudi nyuma. Ukikata usukani kulia, yanamwagikia kushoto. Gari zima ni yale maji. Uzito unatembea. Dereva wa drifti anagusa breki kabla ya kona, uzito unaenda kulalia tairi za mbele, za nyuma zinakuwa nyepesi, na papo hapo, ndani ya pumzi moja, anakata usukani, anapiga klachi au anavuta handibreki, mgongo wa gari unaondoka. Sasa anarudisha usukani upande ule mgongo unakokwenda, na mguu wa mafuta unaanza kuongea na tairi: kidogo, ongeza, punguza, ongeza. Akizidisha, linazunguka. Akiachia ghafla, tairi zinashika na gari linaruka upande wa pili. Yote haya mikono inayafanya kabla kichwa hakijafikiri. Ndiyo maana Tsuchiya alihitaji miaka, na ndiyo maana Han alimpeleka Sean bandarini.

Nilikuambia jambo hili lina historia kwangu. Nilikuwa na kijana gereji, mikono yake mepesi kuliko yangu, anaskia ugonjwa wa injini kwa sikio. Diski ya filamu ile niliinunua mimi, tukaiangalia kwenye televisheni ya gereji baada ya kazi, na mimi ndiye niliyekuwa nasimamisha picha na kumwonyesha: angalia mkono wa usukani hapa, angalia tairi ya mbele inatazama wapi. Nilifurahi kumpata mtu wa kuongea naye mambo hayo. Desemba moja, mvua ya kwanza ilinyesha jioni. Mnaoishi hapa mnaijua mvua ya kwanza ya Dodoma: vumbi la miezi saba na oili iliyodondoka lami nzima vinapikwa pamoja, barabara inakuwa sabuni. Usiku ule kijana alichukua Altezza ya mteja iliyokuwa imelala gereji, ya gia sita za mkono, gari tamu, akaenda nayo kwenye kipilefti.

Nilipigiwa simu saa saba usiku. Nilipofika taa za gari zilikuwa bado zinawaka, zinatazama kule lilikotokea. Lilikuwa limegonga ukingo wa barabara kwa tairi ya nyuma ya kushoto. Rimu imepasuka kama kigae. Ami za nyuma, vyuma vinavyoshikilia gurudumu, zimepinda, gurudumu limeingia ndani ya tumbo la gari. Kijana amekaa juu ya ukingo, ameushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, mtulinga umevunjika, ananiambia "samahani Mzee, samahani Mzee," na mvua inamnyeshea. Mita chache mbele yake palikuwa na meza ya mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma. Muda wa saa tatu tu kabla ya hapo mama huyo alikuwa amekaa pale.

Ile meza naiona mpaka leo.

Mteja nilimlipa kwa awamu, miezi kumi na moja. Kijana hakukimbia. Mtulinga ulipounga alirudi gereji, tukakubaliana anakatwa kila wiki mpaka deni liishe, na deni liliisha. Sasa ana gereji yake Manyoni na malori yanamfuata kutoka barabarani. Lakini nilibaki najua nilimpa nusu ya somo. Nilimwonyesha mkono wa usukani, sikumwonyesha bandari: kwamba mahali pa kukosea panatakiwa pawe pamefungwa, pasiwe na mama wa mahindi.

Kwa hiyo jibu langu kwako, mwanangu wa Nkuhungu: Mark II ya baba usiiguse kwa shughuli hiyo. Umeshatimiza miaka 18, nenda kachukue mafunzo ya udereva, upate leseni daraja D kwa njia yake. Halafu kama moyo bado unawaka, na mimi sitaki uzimike, tafuta watu wa mbio za magari zenye kibali. Kwenye rali zetu wengi hawaanzii usukanini. Watu wanaanzia kushika spana, kubeba tairi, kusoma ramani pembeni ya dereva. Na njoo Jumamosi gerejini. Nitaipandisha GX110 nyingine kwenye jeki, nikuzungushie tairi moja kwa mkono uone ya pili inazunguka kinyume chake. Hiyo ndiyo difu ya wazi. Ukiiona kwa macho hutahitaji kuijaribu kwenye lami.

*Fundi, mimi ni mama wa Ipagala. Kijana wangu anatoka na gari usiku, anasema anapeleka rafiki zake. Nimemkuta anaangalia hizo filamu za mashindano. Nifute hizo filamu kwenye simu yake? Na nitajuaje kama kweli anafanya huo mchezo?*

Mama, pole sana. Filamu usifute, atazipata kwingine kabla ya asubuhi. Kaa naye muangalie pamoja. Han, yule mtulivu anayekula vitafunio muda wote na ambaye vijana wote wanampenda, gari lake linapinduka Shibuya na kuwaka moto naye yumo ndani. Pale pale muulize mwanao anaonaje. Usiseme la zaidi, mwache aongee.

Kuhusu kujua, gari litakuambia lenyewe. Asubuhi, kabla halijaoshwa, chuchumaa karibu na tairi za nyuma, kama ni gari la kusukuma nyuma. Pitisha kiganja kwenye kingo za tairi. Tairi iliyotembea safari za kawaida ni laini. Iliyoburutwa ubavu ina vinyuzi na mikwaruzo kama kucha za paka, na bega la tairi limelika kuliko katikati. Kisha ingiza mkono juu, ndani ya tao la bodi linalofunika tairi. Ukikuta vipande vya mpira mweusi vimegandia pale, vidogo kama punje za uwele, basi hakuwa anapeleka rafiki. Kama ni IST au Vitz, hayo yanasukuma mbele, hayadrifti. Vijana wanavuta handibreki tu ili mgongo utupike. Hapo angalia handibreki: ikiwa inapanda juu sana kabla haijashika, na hukuwa unaitumia mlimani, kuna mtu anaivuta kwa hasira.

Ukishathibitisha, ufunguo ulale chumbani kwako, na mweleze kwa nini, bila kumficha. Halafu mpe hesabu. Tairi mbili za nyuma zinunuliwe kwa kazi yake mwenyewe, si kwa fedha ya mfukoni. Najua unaogopa kumkosa. Kijana anayelipa anachoharibu bado yuko mkononi mwako.

*Fundi habari. Hivi Han alikufa au hakufa? Maana nimemwona kwenye filamu zilizofuata. Niko Singida mjini.*

Nzuri, mdogo wangu. Umechanganywa na mpangilio. Tokyo Drift ni ya tatu kutoka, lakini hadithi yake inatokea baadaye. Filamu ya nne ya 2009, ya tano ya 2011 na ya sita ya 2013 zote zinasimulia mambo ya kabla ya Tokyo, ndiyo maana Han yuko hai humo. Mwisho wa ile ya sita wanatuonyesha tena ajali ya Shibuya, safari hii tunamwona aliyemgonga kwa makusudi, ameigizwa na Jason Statham. Kisha ile ya tisa, 2021, ikamrudisha Han: kumbe hakuwa amekufa. Mimi binafsi ningependa wangemwacha. Sung Kang alimwigiza vizuri mno, na ile ajali ilikuwa na uzito kwa sababu haikuwa na marudio. Lakini nakubali kwamba alipotokea, nilisimama kwenye kiti.

*Shikamoo. Nimenunua Mark II, imeshuka Dar es Salaam mwezi uliopita. Kila nikiwasha, sauti ya mwanamke inaongea Kijapani. Redio nayo haishiki stesheni za Dodoma. Ni ubovu? Kibaigwa.*

Marahaba. Si ubovu. Redio za Japani za wakati wa Mark II zilitengenezwa kwa masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, mpaka 108. Utafungiwa kifaa kidogo cha kubadili masafa, kazi ya nusu saa, au ubadilishe redio kabisa. Cha kubadili masafa kina kasoro: huzishiki stesheni zote. Kama unasikiliza sana redio, badilisha.

Huyo mwanamke anatoka kwenye kisanduku kidogo, mara nyingi kimebandikwa chini ya dashibodi upande wa dereva, au ndani ya droo ya abiria. Anakuambia kadi haijaingizwa. Barabara za mwendo kasi za Japani nyingi ni za kulipia, na kadi ile ndiyo ilikuwa inakatwa fedha gari linapopita getini bila kusimama. Hata barabara ile ya pwani ya Ghuba ya Tokyo, Wangan, ambako wenye mbio za usiku walikuwa wanakimbizana miaka ya 1990, ni ya kulipia. Gari lako lilikuwa na mwenyewe aliyekuwa akilipia barabara kama hizo. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo: huenda kuna kibandiko cha gereji ya huko, kimeandikwa kilomita zilizosomeka siku oili ilipobadilishwa. Usikibandue. Linganisha namba ile na ya dashibodi. Kama ya kwenye kibandiko ni kubwa kuliko ya dashibodi, niandikie tena haraka, na usimalizie fedha kwa aliyekuuzia.

Sauti yenyewe inazimwa kwa kuchomoa soketi nyuma ya kisanduku. Usikate waya.